Huo ukuta kati ya Newton na kwanta umejengwa na nani?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na kwa urefu wa barua yenyewe naomba radhi mapema. Nimefundisha fizikia sekondari kwa miaka 31, sasa nimestaafu, na mwalimu mstaafu akishapata kalamu kumnyamazisha ni kazi.

Kilichoniinua kitini ni mchoro. Makala yenu kuhusu kompyuta za kwanta ilipambwa kwa mchoro uliogawanywa pande mbili. Kushoto kuna sayari, mpira na gari, na juu yake jina la Newton. Kulia kuna atomu na elektroni, na juu yake neno "kwanta". Katikati umesimamishwa ukuta wa matofali. Maelezo ya chini yanasema Newton alithibitika kuwa alikosea, ila sheria zake bado zinatumika kwa vitu vikubwa "kwa mazoea", huku vitu vidogo vikiwa na sheria zao.

Sina ugomvi na mwandishi. Mchoro huo nami nimeuchora, kwa chaki, mwaka hata mwaka, ukuta na matofali yake. Niliwaambia wanafunzi: huku ni kwa Newton, kule ni kwa Planck na Bohr na wenzao walioanzisha nadharia ya kwanta, msije mkavichanganya kwenye mtihani. Hawakuvichanganya, wakafaulu. Ndiyo maana imenichukua muda kukubali kwamba niliwafundisha vibaya.

Nianze na hilo la ukubwa, maana ndilo jepesi kuliangusha. Nilikuwa na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu, nene, nzito, ambayo kila mwaka ilipita darasani mkono kwa mkono. Sumaku hiyo iko upande gani wa ukuta? Inashikika, ina uzito, ukiiachia inaanguka vile vile alivyosema Newton mwaka 1687. Lakini usumaku wake hauna maelezo yoyote katika mekanika ya Newton, yaani sheria zake za mwendo, hata uiongezee sheria zote za umeme zilizojulikana karne ya 19. Niels Bohr aliliona hili katika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1911, na Hendrika van Leeuwen, mwanafizikia wa Uholanzi, akalifikia kivyake mwaka 1919. Hoja yao unaweza kuifuata ukiwa umesimama. Kani ya sumaku huisukuma elektroni ubavuni tu. Haiisukumi mbele wala haiivuti nyuma. Kwa hiyo huigeuza njia bila kuiongezea wala kuipunguzia nishati. Na katika kitu kilichotulia kwenye joto lake, fizikia ya zamani hupanga chembe zake kwa kuangalia nishati peke yake. Nishati haikuguswa, basi na mpangilio haukuguswa. Ukijumlisha vijimkondo vyote vya elektroni zinazozunguka humo ndani, vinafutana, jibu ni sifuri. Kwa sheria za upande wa kushoto wa mchoro wenu, sumaku haiwezi kuwepo. Nayo ilikuwepo, imeng'ang'ania bawaba ya dirisha la maabara yangu, hadi nilipolazimika kuibandua kwa bisibisi.

Sumaku haiko peke yake. Meza haibonyei mkononi kwa sababu elektroni hazikubali kukaa mbili katika hali moja, kanuni aliyoitoa Wolfgang Pauli mwaka 1925. Jua linawaka kwa sababu viini vya haidrojeni hupenya kizuizi ambacho kwa hesabu ya Newton havina nishati ya kukivuka. Na mwaka 2025 Tuzo ya Nobel ya fizikia walipewa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis kwa majaribio ya miaka ya 1984 na 1985, walipoonyesha kupenya huko huko kukitokea katika saketi ya umeme ya kushikika mkononi, ambamo elektroni chungu nzima huenda pamoja kama kitu kimoja. Vitu vidogo vina sheria zao? Jua ni dogo?

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Jioni moja, katika klabu ya sayansi, nilitundika pendulamu: jiwe la mizani la gramu 100, uzi wa sentimita 25. Uzi wa urefu huo unabembea mara moja kwa sekunde, karibu kamili kabisa, ndiyo maana niliupenda. Nikalivuta jiwe sentimita 5 pembeni, nikaliachia, nikageukia ubao. Nilitaka kuwaonyesha kwa namba kwamba Planck na Newton hawagombani. Kwa nadharia ya kwanta, nishati ya kitu kinachobembea haipandi kama mteremko laini. Hupanda kwa vidato, kama ngazi. Kimo cha kidato kimoja ni namba ya Planck mara idadi ya mibembeo kwa sekunde. Namba ya Planck ni jouli-sekunde 6.626 ukigawanya kwa 1 yenye sifuri 34. Nishati ya pendulamu yangu ilikuwa kama jouli 0.005. Gawanya, unapata kwamba jiwe liko kwenye kidato cha 7 kikifuatiwa na sifuri 30, au hapo karibu. Likishuka kidato kimoja, mbembeo wake unapungua kwa kiasi ambacho hata ukichukua upana wa protoni, ukaugawa mara bilioni moja, na kipande hicho ukakigawa tena mara milioni mia, bado hujakifikia. Ngazi yenye vidato vidogo hivyo kwa macho yetu ni mteremko. Nikaweka chaki chini, nimeridhika.

Binti mmoja aliyekaa nyuma, ambaye kwa kawaida alikuwa msikilizaji tu, akanyosha mkono. "Mwalimu, juzi ulituambia hali iliyo kwenye kidato kimoja haibadiliki na wakati. Yaani imetulia tuli. Mbona hiyo inabembea?"

Niliitazama pendulamu. Ilikuwa inabembea, kwa kweli. Nikamwambia, "Swali zuri, binti, tutalirudia." Hatukulirudia. Mtihani ulikuwa umekaribia, na swali lenyewe halikuwa la mtihani. Huo ndio udhuru niliojipa. Ukweli ni kwamba sikuwa na jibu.

Alikuwa amegusa mahali penyewe. Mimi, kama mchoraji wenu, nilidhani ukipanda ngazi ya kwanta juu vya kutosha unatokea kwa Newton. Hutokei. Hali iliyo kwenye kidato kimoja, hata kiwe cha juu namna gani, haina jiwe linalokwenda huku na kurudi. Ina uwezekano uliosambaa kwenye njia nzima ya mbembeo, umetulia kama ukungu. Newton hapatikani kwa kupanda peke yake.

Jibu lilikuwa limechapishwa tangu mwaka 1926, miezi michache tu baada ya Erwin Schrödinger kutoa mlinganyo wake, unaoeleza mawimbi ya kwanta yanavyobadilika na wakati. Alionyesha kwamba ukichanganya vidato vingi vilivyopakana, kila kimoja kwa kipimo chake, mawimbi yao yanafutana karibu kila mahali na kubaki yamejenga kilima kimoja chembamba. Kilima hicho ndicho kinachobembea, huku na kurudi, kwa mwendo ule ule wa jiwe la Newton, na katika mbembeo wa namna hii hakitawanyiki. Nilipolielewa hili nilirudi kwenye namba zangu za ile jioni. Pendulamu yangu ilikuwa mchanganyiko wa vidato kama 3 na sifuri 15 nyuma yake, na upana wa kilima chake ulikuwa mdogo kuliko protoni mara zaidi ya mia. Kwa hiyo kidato cha 7 na sifuri 30 nilichowaandikia ubaoni kwa mbwembwe kilikuwa wastani tu. Jiwe halikuwa kwenye kidato hicho. Lilikuwa kwenye vyote vya jirani kwa pamoja, na kubembea kwake ndiko kuchanganyika kwao.

Hapa naomba nimtetee Bohr kidogo, kwa sababu wazo la kupanda ngazi ni lake na lilimfikisha mbali. Mwaka 1913 alipanga elektroni ya haidrojeni kwenye njia zenye namba: 1, 2, 3 na kuendelea. Elektroni ikishuka kutoka njia moja hadi ya chini yake hutoa mwanga. Katika fizikia ya zamani, masafa ya mwanga huo, yaani idadi ya mitikisiko yake kwa sekunde, yangepaswa kulingana na idadi ya mizunguko ya elektroni kwa sekunde. Huku chini hayalingani hata kidogo: kwenye njia ya 2 elektroni ingezunguka kama mara 8 na sifuri 14 kwa sekunde, lakini mwanga wa kushuka kutoka 2 hadi 1 una masafa ya mara tatu ya hayo. Panda juu, uone. Mwaka 1965 wanaastronomia wa redio, wakielekeza antena zao kwenye mawingu ya gesi angani, walinasa sauti ya haidrojeni inayoshuka kutoka njia ya 110 hadi ya 109. Iko kwenye megahezi 5,009, yaani mitikisiko milioni 5,009 kwa sekunde. Sasa chukua karatasi, ukokotoe kwa kanuni za zamani elektroni ingezunguka mara ngapi kwenye kila njia. Kwenye ya 110 ni megahezi 4,941. Kwenye ya 109 ni 5,078. Katikati ya hizo mbili ni ngapi? 5,009 na ushee. Niliifanya hesabu hii mezani nyumbani nikiwa tayari nimestaafu, nikairudia mara tatu nikidhani nimejipendelea. Huwa nasikitika kwamba sikuwa nayo enzi zile nilipokuwa na darasa la kulionyesha.

Kwa hiyo sheria za zamani hazikutupwa jalalani. Ndizo zilizokuwa kipimo: nadharia yoyote mpya ya atomu ilibidi, huko juu, iangukie kwenye namba zao. Na waliojenga kwanta walijenga kwa mbao zilizovuliwa kwenye jengo la Newton. Kuna kisa cha Paul Dirac ninachokipenda, alikisimulia mwenyewe uzeeni. Mwaka 1925, akiwa kijana Cambridge, alikuwa anaumiza kichwa juu ya makala ya Werner Heisenberg, ambamo a mara b si sawa na b mara a. Jumapili moja akiwa matembezini likamjia wazo kwamba tofauti hiyo inafanana na kitu alichowahi kukisoma katika mekanika ya zamani, mabano ya Poisson, chombo cha hesabu cha mwanzoni mwa karne ya 19. Tatizo, hakukumbuka vizuri kimekaaje. Akarudi chumbani akafunua vitabu vyake vyote, hakimo. Maktaba zimefungwa, ni Jumapili. Akalala na wasiwasi wake. Jumatatu asubuhi maktaba ilipofunguliwa alikuwa mlangoni, akatazama, na ikawa kweli. Ukiuondoa ubao huo wa zamani, jengo la Dirac halisimami.

Schrödinger naye alianzia kwa William Hamilton, aliyekuwa ameona tangu miaka ya 1830 kwamba njia za chembe katika mekanika zinafanana na njia za miali ya mwanga. Ikiwa mwali ni sura ya nje ya wimbi, alijiuliza Schrödinger, je, chembe nayo si sura ya nje ya wimbi la namna fulani? Na mwaka 1948 Richard Feynman, akiliendeleza wazo ambalo Dirac alilidokeza mwaka 1933, akatoa picha ambayo kwangu ndiyo inayoueleza uhusiano wenyewe vizuri kuliko zote. Mpira ukirushwa kutoka hapa hadi pale, kwanta inasema tuhesabu njia zote: iliyonyooka, iliyopinda, inayozunguka nyuma ya nyumba. Kila njia ina mshale mdogo kama mkono wa saa, unaozunguka kwa kadiri ya kipimo ambacho wanafizikia wanakiita kitendo, kinachokokotolewa kutokana na nishati na muda wa safari, kikigawanywa kwa namba ya Planck. Mwishoni mishale yote inajumlishwa. Kwa mpira, kitendo ni kikubwa mno kulinganisha na namba ya Planck, hivyo ukihamisha njia kidogo tu mshale unazunguka mara mabilioni kwa mabilioni. Mmoja unaelekea juu, wa jirani yake chini, mwingine kushoto, inafutana. Ni kandokando ya njia moja tu ambapo kuisogeza njia kidogo hakuzungushi mshale, na hapo mishale yote inaelekea upande mmoja. Njia hiyo ndiyo ya Newton. Elektroni ndani ya atomu haina bahati hiyo: kitendo chake kinakaribiana na namba ya Planck yenyewe, mishale yake haifutani vizuri, na ndiyo maana haina njia moja ya kuionyesha kwa kidole.

Hapo utaona kwa nini nina kinyongo na sentensi moja iliyomo katika vitabu vingi vya kiada, isemayo kwamba mekanika ya zamani hupatikana "namba ya Planck ikielekea sifuri". Haielekei popote. Tangu tarehe 20 Mei 2019 imewekwa kwa makubaliano ya kimataifa kuwa 6.62607015, na zile sifuri zake, bila kuongeza wala kupunguza. Na kilo yenyewe, kipimo tunachokitumia kwa sheria za Newton, sasa inafafanuliwa kwa namba hiyo badala ya kile kipande cha madini kilichokuwa kimefungiwa karibu na Paris. Kinachobadilika ni ukubwa wa kitendo cha kitu unachokipima. Mwanafunzi akiambiwa namba ya dunia inaweza kupunguzwa apendavyo mwenye kitabu, atakuwa na haki ya kutotuamini na mengine.

Bado sijajibu swali lote la binti yule. Tumesema pendulamu ni mchanganyiko wa vidato uliojenga kilima kimoja. Sawa. Lakini mlinganyo wa Schrödinger unaruhusu michanganyiko mingine bila idadi, ikiwemo ile yenye vilima viwili kwa wakati mmoja, kimoja kushoto na kimoja kulia. Kwa nini mawe hatuyakuti hivyo kamwe?

Kwa hili majaribio yenyewe yamesema waziwazi. Mwaka 1999 kundi la Anton Zeilinger na Markus Arndt huko Vienna lilirusha molekuli za kaboni, kila moja ina atomu 60 zilizojipanga kama mpira, zikapita kwenye nafasi nyembamba zilizopangwa kama meno ya kitana. Upande wa pili zilitua kwa mistari, mahali zikiwa nyingi na mahali zikiwa chache, kama mawimbi yanavyofanya. Kila molekuli ilikuwa imepita kwenye nafasi zaidi ya moja. Mwaka 2019, huko huko Vienna, wakafika kwenye molekuli za atomu karibu 2,000. Lakini yaliyonishika mimi ni majaribio mawili ya katikati ambayo magazeti huwa hayayaandiki. Mwaka 2003 waliachia gesi kidogo ndani ya chombo kilichokuwa kitupu. Mistari ikaanza kufifia, na kadiri gesi ilivyoongezeka ndivyo ilivyofifia, mpaka ikatoweka. Mwaka 2004 wakaacha gesi, wakazipasha moto molekuli za atomu 70 kwa mwanga wa leza kabla ya kuingia njiani. Molekuli yenye joto inang'aa, inatoa fotoni, yaani chembe za mwanga, na kila fotoni inayotoka inaondoka na habari: molekuli ilikuwa hapa, si pale. Zilivyozidi joto, mistari ikazidi kufifia, ikapotea. Molekuli ni zile zile, ukubwa ni ule ule. Hakuna aliyekuwa amesimama pale kuzitazama. Ilitosha siri ya zilikopita kuwa imetoka nje.

Jambo hili linaitwa dekoherensi. Dieter Zeh aliliandikia mwaka 1970, karibu bila msikilizaji, na Wojciech Zurek akalipa nguvu kuanzia mwaka 1981. Pendulamu yangu ilikuwa inapigwa na hewa ya chumba kizima, na mwanga wa taa uliokuwa ukiigonga na kutawanyika ukibeba habari za mahali ilipo hadi machoni petu. Vilima viwili vya jiwe, kushoto na kulia, vingegongwa na hewa na mwanga kwa namna tofauti, na kwa muda mfupi usioelezeka mpatano wa mawimbi kati yao ungekuwa umetapakaa chumbani, haukusanyiki tena. Kilima kimoja chembamba hakina cha kupoteza. Kwa hiyo ndicho kinachodumu, na ndicho tunachokiona.

Kabla sijamaliza, kidogo juu ya Hyperion, mwezi wa Zohali wenye umbo la jiwe lililovunjika vibaya. Unabiringika ovyo kwa namna ambayo tofauti ndogo kabisa ya leo inakua upesi kupindukia. Zurek alikadiria kwamba kama Hyperion ingeachwa peke yake na mlinganyo wa Schrödinger, baada ya miaka kama 20 tu isingekuwa tena na mwelekeo mmoja wa kueleweka. Mwezi mzima, wenye upana wa mamia ya kilomita! Kinachouweka sawa ni mwanga wa Jua na vumbi vinavyougonga bila kukoma. Mwandishi wenu akitaka kuuhamishia Hyperion upande wa kulia wa ukuta, nitaelewa.

Basi, binti wa kiti cha nyuma, ambaye kwa sasa utakuwa mtu mzima mwenye shughuli zako: kama unasoma gazeti hili, jibu lako ndilo hilo, limechelewa miaka 22. Hakuna mahali sheria moja inakoma na nyingine kuanza. Kuna sheria moja, ya kwanta, na jiwe linabembea kwa sababu ni vidato vingi vilivyoungana, na linakaa mahali pamoja kwa sababu dunia nzima inaligongagonga.

Nakujua, utanyosha mkono tena. Utasema: hewa na mwanga vimeondoa mpatano kati ya kushoto na kulia, sawa, lakini vilima vyote viwili bado vimo kwenye hesabu, nani amechagua kwamba jiwe litaonekana kushoto? Hilo, binti, hata waliopewa Nobel wanalibishania. Wapo wanaosema vyote viwili vipo na sisi tumegawanyika pamoja navyo, wapo wanaosema mlinganyo wenyewe unahitaji nyongeza, na wapo wanaosema swali limeulizwa vibaya. Mimi nimesoma hoja zao jioni nyingi, na sijaona iliyonishawishi. Safari hii sitakwambia tutalirudia.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa fizikia